Feni ya Ndahani

Ile ya zamani ilikoroma kama mashine ya kusaga uwele;
simu ikiita, nilijua kwa mwanga tu.
Ndahani akaleta hii, shaba na bati,
mapezi yamepangana kama kurasa,
akaifunga, akafuta vidole kwenye suruali:
"Haya, sikiliza."

Nikasikiliza. Hamna.
Nikaipa kazi nzito: hesabu za chama, miaka sita,
saa nane mchana, Nkuhungu, jua limelalia paa.
Nyuzi sabini na moja. Ikasimama hapo.
Ya zamani ingefika tisini, inalia.

Bado sikuamini.
Nikachana ukingo wa gazeti, nikausogeza karibu:
ukatikisika kidogo,
kama unapoweka kiganja puani mwa kichanga aliyelala
ili uhakikishe.

Usiku nikasikia vitu vilivyokuwepo siku zote:
diski ikitafuna, mchwa kwenye boriti,
Mama Mchiwa, chumba cha pili,
akihesabu fedha ile ile mara ya tatu.

Kisha upepo wa Agosti, na vumbi
jekundu, laini, likipenya chini ya mlango.
Nalo halina kelele.

Nimeipa nane kwa kumi.
Mbili nimezishika mkononi:
vumbi bado halijasema.