Salio Lililooza

Kazi yangu ni kuzika.
Ghorofa ya kumi na tisa, Makati, kiyoyozi kikinipuliza kisogoni,
kila usiku saa sita na dakika moja
naletewa maiti kwenye jedwali:
peso tatu za kinyozi wa Tondo,
peso saba na nusu za yaya aliyesahau,
peso moja, peso moja, peso moja,
salio lililotimiza siku zake
kabla mwenyewe hajapata la kusema.

Safu ya kushoto inaitwa Deni,
maana tumelipwa na hatujamhudumia mtu.
Safu ya kulia inaitwa Pato.
Katikati pana mstari mwembamba kuliko unywele
na mvushaji ni mimi.
Hakuna aliyepiga. Hakuna mnara uliochoka.
Bwana Villacorta, mkuu wetu, hupenda kusema
dakika yenye faida kuliko zote
ni ile isiyozungumzwa.

Waliobuni jambo hili walikesha.
Wangeweza kuuza mwezi, wakauza siku tatu.
Shampuu inauzwa kwa kipakiti, kahawa kwa kipakiti,
kwa nini sauti ya mwanao iuzwe kwa debe?
Haba na haba hujaza kibaba,
ila methali haikutaja
kibaba ni cha nani.

Mama yangu ni mmoja wa haba hizo.
Nanay Felisa, kisiwani Guimaras,
kiduka chenye dirisha la wavu wa chuma,
sigara moja moja, siki, dagaa wakavu,
na salio, analolituma kwa simu yenye vitufe vilivyofutika.
Kila peso mia ikipita mkononi mwake
inamwachia tatu.
Ana daftari:
Dodong, kumi na tano.
Mwalimu Nenita, thelathini, atalipa Jumamosi.
Jumamosi ipi, hakuandika.

Kimbunga kilipokuja
kiliulaza mnara juu ya zizi la mbuzi.
Siku tano kisiwa kizima kikawa bubu.
Simu zikawa tochi, kisha zikawa mawe.
Lakini saa ya salio haikai mnarani.
Inakaa kwetu, ghorofa ya kumi na tisa,
ina jenereta mbili,
na haikukosa hata sekunde.

Usiku wa tatu maiti walikuja wengi.
Nikashuka na orodha, nikashuka,
nikaiona namba ninayoijua
kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa.
Peso kumi na moja.
Nikaondoa kidole.
Nyuma yangu Villacorta alikuwa anakula andazi la nyama,
nasikia karatasi yake.
Nikavusha.

Siku ya sita akanibipu.
Mlio mmoja, akakata, kama kawaida yake.
Nikampigia.
"Paa limekwenda, Inday. Mimi nipo."
Akanihesabia waliopona, akaanza na mbuzi.
Halafu akasema watu wamepanga foleni dirishani
wanamdai salio lao
kana kwamba amelila yeye.
"Nieleze wewe uliyesoma.
Dagaa wangu wakioza, hasara ni yangu.
Salio lenu likioza, faida ni yenu.
Mnauza kitu gani hicho,
kinachonona kikishakufa?"

Nilikuwa na majibu. Yamo kwenye mkataba,
kifungu cha tisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Sikuyatoa.
Nikatazama kioo: dakika nne na sekunde mbili,
na mbili hizo zitahesabiwa dakika nzima.
Tukanyamaza wote wawili,
na kimya chenyewe kinalipiwa.

Kisha akaniuliza
kama huko juu ninakokaa
mvua iliingia.