Nakurudishia Redio

Chukua. Nimeifuta magamba,
nimeichaji kwa fundi Magafu, mia tano,
na leseni yake nimeikunja ndani ya nailoni
pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto,
maana humu ndani ndivyo vitu viwili tu
vyenye muhuri.

Usiikalie tena, Lusato.

Unakumbuka? Utakumbukaje, wewe hukusikia.
Tuliosikia ni sisi wa zamu, kituoni Igombe.
Lilikuwa giza la dagaa, mwezi haupo,
taa zimejaa ziwani kama mtaa uliohama nchi kavu,
na wewe huko, kitufe kikiwa chini ya tako,
ukalisomea ziwa zima hesabu zako:
mbuzi uliyemkopa kwa ajili ya posa,
bei ya ndoo pale Kirumba,
yule mama wa sambusa wa Kayenze,
na dada yako alivyo mkali.
Nilicheka, nakiri.
Wauza chai walipunguza moto wasikilize.
Dakika arobaini chaneli kumi na sita
ikawa sebule yako.

Dakika hizohizo, upande wa Bezi,
Bulugu alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti,
ubao umeachia, vijana wawili wanalia,
anabonyeza, anaita, anaachia, anasikiliza,
na kila alipoachia
alijibiwa na mbuzi wako.

Walifika alfajiri wakichota maji
kwa sufuria ya ugali na kofia.
Hakutukana. Alikuja hapa mlangoni,
suruali inachuruzika kwenye mkeka wangu,
akauliza tu,
"Yule mbuzi, amemlipa?"

Basi sikia. Nami nilifundishwa,
na binti mmoja wa bandarini, Koleta,
aliyenishika kidole kama anayenifundisha kushona.
Anza kwa kusikiliza. Mtu akiwa anasema
si zamu yako, hata ungekuwa na haraka ya namna gani.
Antena itazame juu,
isilale ubavu kama wewe Jumapili.
Bonyeza, meza mate, ndipo useme;
ukianza mapema neno la kwanza linabaki kooni.
Usiimeze redio. Upana wa kiganja unatosha,
na upepo upe mgongo.
Mtaje unayemwita, ujitaje wewe.
Ova. Achia.
Kuachia ndiyo kazi yenyewe, ndugu yangu,
kubonyeza hata mtoto anaweza.

Kumi na sita ni mlango.
Watu hawapiki mlangoni:
bisha hodi, mkubaliane chaneli nyingine, mhamie huko,
na kama mwenzako yuko karibu, wati moja inatosha,
usimpigie kelele mtu wa Ukara asiyekudai.
(Anayekudai yuko hapahapa.)

Na lile neno la kuomba kuokolewa,
usilifanyie mazoezi, usilitanie, usimfundishe mtoto.
Likifika wakati wake liseme mara tatu,
kisha jina la mtumbwi, kisha mko wapi,
kisha kilichowapata,
kisha mko wangapi.
Watu, Lusato. Nyavu hawatakuuliza.

Ifunge kamba kifuani.
Ikizama haitaita mtu.

Leo usiku, saa nne, chaneli ya mwalo,
niite. Sema jina la mtumbwi wetu,
lile alilolichora marehemu kwa rangi iliyobaki ya mlango,
Kazi ya Mama, Kazi ya Mama, Kazi ya Mama,
uniulize kama nakusikia vizuri.
Nitakujibu. Bulugu atakuwa pembeni yangu,
ameomba zamu wiki hii, hajaeleza kwa nini.
Usiniulize kama bado nina hasira.
Hilo utakuja kuliuliza nyumbani.

Sema ova, halafu achia,
nisikie ule mchakacho mfupi, kisha kimya,
nijue kwamba huko gizani
kidole chako kimeinuka.