Albamu Isiyo na Mdomo

Ndirangu ameileta asubuhi, kwenye kadi ya simu
ndogo kama jino, imefungwa kwa risiti ya mafuta.
Hakuketi. "Sikiliza ukiwa peke yako," kasema,
akaondoka na upepo wa Menengai mgongoni,
ule unaokausha nguo na midomo kwa pamoja.

Vipande saba. Dakika hamsini na mbili.
Neno, hata moja.

Mimi ndiye niliyekuwa maneno.
Miaka minne, katika ghala la pareto
lililobaki na magunia na harufu,
nilisimama nikiimba vitu nilivyodhani navijua:
haki, mapenzi, mvua ya masika.
Nzi hakuingia mle, wala mende;
ua lile huua hata likishakuwa vumbi.
Chebii alipiga chafya kabla ya kila wimbo,
tukaifanya hesabu yetu: moja, mbili, chafya,
twende.

Kisha koo. Daktari alichora viduara viwili
juu ya bahasha, akavitia wino, akasema vinundu.
Akasema kisu, akasema pumzika, akasema tutaona.
Tuliona.
Nilitaka watafute mwingine upesi,
msichana wa Lanet mwenye sauti ya glasi,
nipate wa kumchukia. Hawakutafuta.
Mama alicheka: bendi bila mwimbaji
ni sufuria ya maji ikichemka, na unga haujaja.

Sasa nipo dukani, nyuma ya mizani,
napima chakula cha vifaranga,
masikio yamezibwa na Pareto
(ndilo jina lao, hawakulibadilisha).

Kipande cha kwanza ni noti moja ya gitaa
inayokaa. Inakaa tu, kama mgeni
ambaye hajasema amekuja na habari gani.
Cha pili kinaitwa Mwariki.
Ziwa lilipopanda kule halikubisha hodi,
na besi ya Muhanji haibishi:
inalowesha kiatu, inalowesha godoro,
inafika kwenye picha ya harusi ukutani,
na hapo ngoma zote zinavunja mlango
na mimi nimemwaga nusu kilo.

Darasa la sita tuliandikishwa mara hamsini,
kwa kosa la kupiga kelele,
kimya kingi kina mshindo.
Niliandika hamsini bila kuelewa moja.

Kipande cha nne, dakika ya sita, kila kitu kinakoma.
Kiti kinalia. Mtu anavuta pumzi,
pumzi ndefu, ya kutoka tumboni,
yenye mkwaruzo mdogo mwishoni
kama mlango wa choo cha shule.
Naijua. Ni yangu.
Wameikata kutoka kanda ya zamani,
wameacha wimbo, wamechukua kizingiti chake.
Nangoja niimbe.
Siimbi. Gitaa linaingia, chini sana,
halikai mahali pangu; linapita kando,
kama mtu apitavyo kando ya kiti
cha aliyekwenda kunawa.

Sijui kama hiyo ni heshima au ni wizi.
Nitamuuliza Ndirangu.
Pengine sitamuuliza.

Nje, mtu wa mkokoteni anagombana na kanjo.
Siwasikii. Naona midomo tu
ikifunguka na kufumba juu ya ngoma za Chebii.

Mteja amesimama, mama wa Bahati, kikapu mkononi.
Anauliza kitu. Nachomoa sikio moja:
"Kilo ya hii ni ngapi?"
Sikio la pili limebaki ndani,
kipande cha saba kinapanda, kinapanda,
na sauti iliyonibakia, kavu kama ganda la hindi,
inasema, "Sabini na tano,"
ikaangukia juu ya pigo, pale pale
palipokuwa wazi.

Mama anasema ni ghali.
Ng'ambo ya barabara ni sabini.