Rudi Katikati

Waingereza walipoondoka Kongwa na hasara yao ya karanga
waliacha matrekta mabovu, uwanja mmoja wa tenisi,
na mtoto aliyekuwa akiwaokotea mipira.

Mtoto huyo ndiye Kocha Ndahani.

Raketi tatu, watoto kumi na saba.
Wavu aliusuka kwa katani. Mistari aliichora kwa majivu
kila alfajiri, maana upepo wa Kongwa hautambui mipaka.
Mpira uliopukutika manyoya aliuita "mstaafu",
akaubakiza kazini.

Hakuwa mtu wa sifa. Ukipiga vizuri, ukasimama kujitazama,
ulimsikia kutoka kwenye ndoo aliyoifudikiza akaikalia:
"Umeshapiga! Rudi katikati!"

Sechelela alifika Dodoma mjini, akavuka hadi Nairobi,
akaleta kikombe.
Kocha akakifanya kipimo cha majivu.

Mimi sikushinda kitu. Hata seti moja.
Ila mwaka juzi, wodini Mpwapwa, saa nane usiku,
mgonjwa wangu alinitoka mikononi,
nikasikia ile ndoo ikikwaruza sakafu.
Nikanawa. Nikaenda kitanda cha pili.

Tulimzika Jumanne, upepo uleule.
Kila aliyetupa konzi yake ya udongo alisogea pembeni.
Wa mwisho alikuwa Chiloma, kitukuu chake, miaka sita:
akatupa, akapangusa viganja kwenye kaptula,
akarudi nyuma hatua mbili
akasimama, magoti kayakunja kidogo,
macho mbele,
kama anayejua mpira utarudi.