Pia

Jikoni kwetu Dalur, mvua ikija ubavu ubavu dirishani,
binti yangu Durita, miaka kumi na mmoja,
ananifundisha kusokota.
Alijifunza shuleni wiki zile tatu
nilipolazwa hospitali nikitiwa goti la chuma.
"Usiikabe, Baba," ananiambia.
"Hiyo ni sufu, si bolti."

Mikono hii imefungua injini katikati ya mawimbi,
usiku, tochi mdomoni,
ikajua kwa kugusa tu nati ipi imechoka.
Leo imeshindwa na manyoya.

Sufu yenyewe ni ya yule kondoo jike mwenye sikio lililochanika,
asiyetaka zizi wala mbwa;
Julai tulimkimbiza mlimani
hadi jirani yetu Jákup akateguka kifundo.
Inanuka mafuta, mkojo, majani mabichi.
Durita anaichana kwa vitana viwili vya misumari,
anaikunja bumba laini kama kifaranga,
ananikabidhi kwa mikono miwili
kana kwamba kitaruka.

Pia ni kijiti tu na kisahani cha mti.
Unaizungusha kwa vidole, unaiachia ining'inie,
nayo inazunguka hewani
ikila sufu kidogo kidogo.
Hivyo ndivyo kwake.
Kwangu inazunguka mara tatu, inasita,
inarudi nyuma kama mtu aliyesahau funguo,
uzi unakatika,
pia pa! sakafuni.
Paka amehama jikoni tangu juzi.

Uzi wangu wa kwanza:
hapa mnene kama mnyoo,
hapa mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.
Nikajitia kujua: kamba hukatikia pembamba.
Durita akatikisa kichwa,
akaushika huku na huku, akauvuta mbele ya macho yangu.
Pembamba pakakaza kama waya.
Ukaachana pale panene.
"Msokoto hukimbilia pembamba," akasema,
"panene haufiki. Pamenona tu, hapana kinachoshika."
Akarudia biskuti yake.

Nami nikabaki na ncha mbili mkononi
nikihesabu miezi.
Minne baharini, mmoja nyumbani, minne baharini.
Miaka minene ile, imejaa samaki na mishahara
na baiskeli mpya kila Krismasi,
nikidhani unene ndio uimara.
Mama yake alipohamia Tórshavn
hakuna mlango uliobamizwa.
Sufu haikatiki kwa kishindo,
huachana.

Nikauliza, je, nipige fundo?
Akaguna. Fundo litamwasha mvaaji.
Unazichambua ncha mpaka ziwe kama moshi,
unailaza hii juu ya ile,
unalowesha kwa mate kidogo,
halafu unangoja msokoto upite.
Kungoja ndiko kulikonishinda.
Mara ya tisa, au ya kumi na tisa, ukapita.
Niliusikia chini ya kidole gumba,
mdogo, wa haraka, kama mapigo ya moyo wa ndege.

Ijumaa tukawa tumejaza pia mbili.
Tukaambatanisha uzi wake na wangu,
wake ulionyooka, wangu wenye vinundu,
tukavisokota pamoja, safari hii kinyume,
ili kila mmoja ukitaka kufumuka
uukaze ule mwingine.

Sasa anafuma kofia.
Upande mmoja umevimba kama shavu lenye jino bovu,
naye hataki kufumua.
Jana usiku mama yake alipiga simu,
akaiona kofia kwenye kioo cha simu, akasogea karibu.
"Uzi mzuri huo. Wa nani?"
"Wangu," alisema Durita, sindano hazikutulia.
Akamaliza safu. Akanitupia jicho.
"Na wa baba, pia."

Pia ikanidondoka.