Kitabu cha Nalugwa

Tuliahidiwa jiji zima kutoka kilimani.
Baba Kirabira alisema tutaliona ziwa,
tutahesabu vilima, kila kimoja na jina lake.
Tulipofika Namirembe hapakuwa na ziwa,
wala kilima, wala hata Mengo pale chini.
Ilikuwepo mvua, isiyo na haraka,
mvua kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Watoto watatu, mwavuli mmoja uliovunjika ubavu,
chupa ya chai, mihogo ndani ya jani la mgomba,
na kiti cha mbele mama mkwe wangu Nalugwa,
gomesi ya zambarau kaikunja magotini,
mkono wa kushoto kifuani.
Tangu Mityana haukubanduka.
Nikadhani ni moyo. "Mama, unaumwa?"
Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kambini,
alichookota Jinja mumewe akiwa koplo:
"Wewe mwana wa Arua, tazama barabara."

Ngazi zilikuwa zimegeuka vijito vyekundu.
Mlangoni tukajikung'uta kama kuku,
na kijana wa ufagio, Kiyimba, akatazama matope yetu
jinsi mtu anavyotazama wageni wa usiku.
Hata hivyo akatusimulia, maana mvua ilimfunga na yeye:
kanisa moja hapa liliangushwa na dhoruba,
jingine likaliwa na mchwa,
jingine radi ikalipiga, likaungua na paa lake la nyasi.
"Hili la sasa?" akauliza mwanangu.
"Hili tunaliangalia."
Ngurumo ikapita juu ya kuba.
Kirabira akanishika kidole gumba,
akiwa na miaka kumi na moja, na mbele ya dada zake.

Ndani, matofali yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea.
Sauti ya mvua ilifika kwa mbali,
kama watu wanaopepeta karanga chumba cha pili.
Nalugwa akatuacha.
Akahesabu mabenchi kwa kuyagusa,
akakosea, akarudi, akahesabu tena,
akasimama penye benchi lisilotofautiana na mengine.
Hapo ndipo mkono ulipotoka kifuani,
na ndani ya mkono mfuko wa nailoni,
na ndani ya mfuko gazeti,
na ndani ya gazeti kitabu cha nyimbo,
jalada limeota ukungu, pembe zimetafunwa.

Siku ya harusi yake pia ilinyesha.
Alijifunika nacho kichwani akikimbilia gari,
shela isilowe.
Kesho yake wakaenda Jinja.
Kisha watoto, kisha vita, kisha vita vingine;
nyumba ya Mityana ikaporwa mara mbili,
wakachukua redio, godoro, cherehani,
wakachukua mlango wenyewe.
Kitabu wakakitupa uani.
"Nani anaiba wimbo?" akasema,
na sikujua kama anacheka.

Miaka sitini na mitatu.
Mume wangu, mwanawe wa pili, hakuwahi kukiona.
Alisimama na mwavuli uliovunjika, unadondosha maji,
hakujua aushike vipi.

Kiyimba akakipokea kwa mikono miwili.
"Jaja, hatuna daftari la vitabu vilivyorudishwa."
"Basi andika."
Akajipapasa mifukoni,
akaandika nyuma ya risiti ya sabuni:
tarehe, jina, *kimepokelewa*.
Nalugwa akaisoma bila miwani, au akajifanya anaisoma,
akaikunja, akaitia pale kilipokuwa kitabu.

Tulikula garini, vioo vimejaa mvuke.
Binti yangu mdogo akachora kuba kwa kidole,
likayeyuka, likatiririka hadi kwenye mpira wa dirisha.
Ziwa halikuonekana.
Kwa dakika moja tu mawingu yalipasuka,
tukaona paa moja la bati na kamba ya nguo
ambazo mtu alisahau kuanua.
Baba Kirabira akaanza, "Ile pale ni..."
akanyamaza.

Nalugwa alinyoosha mkono wa kulia: "Lete mhogo."
Wa kushoto alikuwa ameutoa dirishani,
kiganja juu,
unanyeshewa.