Kengele ya Lakvari

Tulizaliwa pamoja,
mimi naye, saa moja,
yeye mbele, nikangoja
pumzi tano, tumboni.

Jina lake Nazibrola,
mwenye kelele na hila,
mwizi wa jibini kila
mama akiwa zizini.

Vita vilipotujia
tulikuwa twaingia
kumi na mitano. Njia
ya Lakvari, kileleni,

ikajaa askari
wa chumvi; wakishajiri
hufa nyasi, na shayiri
hukauka maghalani.

Baba na waume wote
walishuka, na chochote
hakikurudi, si pete,
wala kwato mlangoni.

Ikabaki tu kengele
ya mnarani, ya kale.
Nyanya alisema: "Ile
msiguse maishani.

Kila pigo moja hula
mwaka wako. Ni chakula
chake; haikopi, wala
hailipi asilani."

Usiku ule wa saba,
tukitafuna mikoba
ya ngozi iliyoshiba
moshi wa mle jikoni,

alinipa taa: "Shika,
Otia. Sitaanguka.
Hesabu tu. Nikichoka
nikamate kiunoni."

Pigo la kwanza, mlima
ulikohoa kwa homa.
La sita, alisimama
kichwa chake ki darini.

La kumi, sauti yake
ikawa ya wanawake
wa matanga; nywele zake
zikamwagika begani.

"Nipe kamba!" nikalia.
Kiwiko kikanijia
puani. Nikasalia
na idadi mdomoni.

La ishirini. Theluji
ya Lakvari, kama uji
uchemkao, kijiji
kikitazama gizani,

ikalifunika jeshi.
Hawakulia; ni moshi
mweupe, kisha ubishi
wa maji na chumvi, chini.

Asubuhi, mama kaja,
akapanda ngazi moja
moja, akasema: "Ngoja,
u nani wewe, mgeni?"

Gauni lilimbana
kwapani; na mvi, jana
hazikuwapo. Ujana
ulishakwisha usoni.

"Ni mimi," akamwambia.
Mama hakuitikia
hadi aliposikia
akiomba tu jibini.

Watu huimba ushindi.
Mimi nakumbuka pindi
alipokaa na kundi
la rika letu, pembeni:

wakampisha kigoda,
wakaacha ile ada
ya mizaha. Naye dada
kainama viatuni.

Thelathini na mitano
natimiza. Na mkono
hutetemeka, mfano
wa wake, pale kambani.

Maji bado yana chumvi.
Na yeye, kichwa ki mvi,
hukaa tu, hivi hivi,
ng'ombe wanywapo mtoni.

Jana kauliza hali
ya kumi na saba: "Kali?
Tamu? Hulewesha kweli?"
Nikatazama majini.

Nikamweleza farasi
niliyemwiba, na kasi
yake; na yule kasisi
nilomwangusha topeni.

Akacheka, akacheka,
kile kicheko cha paka
mwizi, kisha akataka
nianze tena mwanzoni.